HOTUBA YA MWENYEKITI: KUPUMZISHA MWILI NAYO NI AKIBA

(Ilisomwa siku ya sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi chetu, Tanga)

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Diwani wa kata yetu,
Ndugu Afisa Maendeleo ya Jamii,
Mashehe na wachungaji mliohudhuria,
Wazee wetu na waume zetu,
Wanachama wenzangu, mabibi na mabwana,

 

Awali ya yote hatuna budi kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa hai. Katibu wetu amekwisha soma risala, na mweka hazina amekwisha soma hesabu za miaka 10. Kwa hiyo mimi sitarudia habari za hisa, mikopo na marejesho. Atakayetaka kuzijua atazikuta humu humu katika kijitabu chetu.

Mimi nimetumwa na wenzangu niseme juu ya jambo moja tu, ambalo majirani wamekuwa wakituuliza na wengine kutucheka. Kwa nini kila Jumamosi, kabla ya kufungua sanduku, kina mama hawa wanatandika mikeka na kulala chali mchana kweupe kwa dakika 20? Wapo waliosema tumeingia dini mpya. Wapo waliosema ni uvivu tu. Mzee mmoja alipita pale dirishani, akatuona tumelala wote kimya, akakimbia kumwita mjumbe akidhani tumekula sumu. Leo nataka nieleze jambo hili tangu mwanzo wake. Na ninalo pia jambo zito la kukiri mbele yenu, nitalisema nikifika mahali pake.

Tulivyoanza

Kikundi kilianza mwaka 2015. Miaka mitatu ya kwanza akiba ilikua vizuri, lakini mikutano yetu, jamani, ilikuwa vita. Nyie wanachama wa zamani mnakumbuka. Mtu alikuwa akichelewa dakika tano anapigwa faini, naye anajibu kwa matusi. Mtu akikosea kuhesabu shilingi elfu moja, anaitwa mwizi. Tulikuwa tukidhani ni tabia mbaya za watu. Hatukujiuliza watu hawa wametoka wapi kabla ya kuja mkutanoni.

Hebu tazameni. Mwenzetu ameamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua. Mwingine amekwenda Deep Sea kugombania samaki mnadani, akabeba ndoo kichwani mpaka Mgandini. Mwingine ameinama siku nzima anafagia, anafua, anakuna nazi juu ya mbuzi. Nyumbani yupo mgonjwa, ada ya mtoto haijatimia, na baba hana kazi. Saa kumi jioni anaingia mkutanoni, mabega yamepanda mpaka masikioni, meno ameyauma. Hapo tena mwenyekiti anamwambia, toa marejesho. Atakosa kufoka?

Mwaka 2018 mwenzetu mmoja alikuwa amekaa miezi mitatu bila kurejesha. Tukamweka kati, tukambana kwa maneno. Mimi ndiye niliyeongoza. Alisimama ili ajibu, akashika kichwa, akaanguka. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji. Alipopimwa, presha yake ilikuwa 190 kwa 110. Watu wa afya wanasema mtu mzima akipimwa zaidi ya mara moja akakutwa na 140 kwa 90 au zaidi, huyo tayari ana ugonjwa wa shinikizo la damu. Yeye hakuwa anajua kabisa, alikuwa akisema ni uchovu tu. Namshukuru Mungu alipona na leo yuko hapa. Lakini usiku ule sikulala, na wengi wetu hatukulala.

Elimu ilivyotufikia

Binti wa mwanachama mwenzetu ni muuguzi, na alipata kusoma India. Alipokuja likizo tulimwomba aje atufundishe juu ya presha. Akatueleza habari za chumvi, mafuta, unene na dawa. Halafu akasema, "Mama zangu, yote haya mtayafuata, lakini kuna kitu hamjui kabisa, nacho ni kupumzika." Tukacheka. Nani asiyejua kupumzika? Akatuambia tulale chini, kisha akapita akiinua mkono wa kila mmoja na kuuachia. Mikono yetu ilibaki juu! Mtu amelala, umeuachia mkono wake, nao umeganda hewani kama tawi. Akasema, "Mnaona? Mmelala, lakini mwili bado uko kazini."

Ndipo akatufundisha yoga kidogo na namna ya kuulegeza mwili wote. Hapa Tanga tumeishi na Wahindi miaka mingi, tumekula badia na kachori zao, lakini jambo hili hatukulijua. Yoga imetoka India tangu zamani sana. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, na asili yake ni kufunga pamoja, kama ng'ombe wawili wanavyofungwa nira moja. Mwili, pumzi na fikra vinatakiwa vivute upande mmoja. Katika miaka ya 1960 mwalimu mmoja wa huko, Swami Satyananda Saraswati, alianzisha shule ya yoga katika mji wa Munger, jimbo la Bihar, na akaeneza mazoezi yanayoitwa yoga nidra. Nidra maana yake usingizi. Mtu analala chali, anaongozwa kwa sauti kupeleka fikra zake katika kiungo kimoja baada ya kingine, mwili unalala lakini masikio yako macho.

Wazungu nao walilifikia jambo hili kwa njia yao. Daktari Edmund Jacobson wa Marekani alitoa kitabu mwaka 1929 akieleza namna ya kukaza msuli kisha kuulegeza, mmoja mmoja, mpaka mtu atambue tofauti. Mwaka 1975 daktari wa moyo wa Chuo Kikuu cha Harvard, Herbert Benson, naye aliandika kwamba mwili unao uwezo wake wa asili wa kutulia, na mtu anaweza kuuamsha kwa kukaa kimya na kurudia neno moja. Tarehe 11 Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga duniani, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2015, mwaka uleule tulioanzisha kikundi.

Mambo ya dini

Ugomvi ulianza siku ya pili tu. Muuguzi alitueleza kwamba kule kulala chali kunaitwa shavasana, yaani mkao wa maiti. Tobaa! Nusu ya wanachama walisimama. "Mimi nina watoto, sijilazi kama maiti." Mwingine akauliza, "Haya si maombi ya Kihindu?" Wanachama wawili waliondoka moja kwa moja, wakachukua akiba yao. Siwalaumu. Lilikuwa swali la haki, na sisi wengine tulikuwa hatuna jibu.

Tulikwenda kwa shehe wetu, na wenzetu Wakristo wakaenda kwa mchungaji wao. Kila mmoja alituuliza jambo lilelile: je, kuna kitu mnachokiabudu, kuna maneno mnayoyaimba msiyoyajua maana? Ni kweli kwamba yoga ilikulia katika dini za India, na kwa wenyewe ina mambo ya ibada ndani yake. Hatukutaka kulificha hilo. Basi tukakubaliana hivi: hatuimbi wimbo wowote, hatutumii maneno ya Kisanskriti, hatuweki picha wala mshumaa. Tunanyosha viungo, tunapumua, tunalala. Anayetaka kumtaja Mungu wake moyoni amtaje. Mkao wa maiti tukaubadilisha jina, sisi tunauita mkao wa mkeka. Bibi yetu mmoja mwenye umri mkubwa kuliko sote alimaliza maneno aliposema, "Mimi kuinama na kusujudu nimezoea tangu utoto, hamtanishinda kwa kulala."

Kinachotokea mwilini

Nitaeleza kama nilivyoelezwa, maana elimu yangu ni ya darasa la saba. Mungu ametuwekea ndani ya mwili mifumo miwili ya mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila sisi kuiamuru. Mmoja ni wa hatari. Ukiona nyoka, moyo unakwenda mbio, presha inapanda, misuli inakaza, tumbo linasimamisha kazi zake, upate nguvu ya kukimbia. Wa pili ni wa utulivu. Huo unashusha mapigo ya moyo, unasaga chakula, unaleta usingizi. Nyoka akishakwenda, mwili hurudi katika utulivu.

Tatizo letu ni kwamba nyoka haondoki. Deni ni nyoka, ada ni nyoka, mume mlevi ni nyoka, simu ya mdai ni nyoka. Mwili unakaa katika hatari asubuhi mpaka usiku, miaka na miaka. Hapo ndipo mtu anakosa usingizi, kichwa kinamuuma, mgongo unakakamaa, na kama presha ipo inazidi kupanda.

Sasa, moyo huwezi kuuamuru uende polepole. Lakini pumzi unaweza. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika moja. Ukiipunguza pumzi mpaka kama mara sita kwa dakika, na ukairefusha ile ya kutoka kuliko ya kuingia, ule mfumo wa utulivu unaamka, na moyo unafuata. Mlango ni huo.

Tunavyofanya

Nawaeleza ili mkafanye nyumbani, haitaki fedha. Unahitaji mkeka, khanga ya kuweka chini ya kichwa, na kitenge cha kukunja uweke chini ya magoti ili kiuno kisiume.

Kwanza tunanyosha viungo kwa dakika kumi. Tunazungusha mabega. Tunapiga magoti na kuweka viganja chini, tunapandisha mgongo kama paka, kisha tunaushusha. Tunakaa juu ya visigino na kuinamisha paji la uso chini. Hakuna kushindana. Kinachouma unakiacha.

Halafu tunalala chali, miguu imeachana kidogo, viganja vinatazama juu. Tunavuta pumzi kwa pua tukihesabu nne, tunaitoa tukihesabu sita. Usibane pumzi. Baada ya hapo kiongozi anataja kiungo kimoja kimoja. Kunja ngumi, kaza, hesabu tano, achia. Pandisha mabega, kaza, achia. Kunja uso, uma meno, achia. Tumbo, mapaja, miguu mpaka vidole. Ukishaachia, kaa kimya usikie jinsi kiungo kinavyokuwa kizito. Mawazo ya deni yatakuja, usipigane nayo, rudi tu kwenye pumzi. Mwisho tunageukia ubavu wa kulia, tunakaa kidogo, ndipo tunainuka. Kuinuka ghafula kunaleta kizunguzungu.

Mama mjamzito tumbo likishakuwa kubwa asilale chali, alale ubavu wa kushoto. Mwenye presha asifanye yale mambo ya kusimama kwa kichwa mnayoyaona kwenye picha. Sisi hatuyafanyi kabisa.

Faida tulizoziona

Sitaki kuwadanganya kwa miujiza. Ninasema tuliyoyaona. Wengi walipata usingizi, na mimi ni mmoja wao, nilikuwa nikihesabu adhana ya alfajiri nikiwa macho. Maumivu ya mgongo yamepungua kwa wale wanaofanya kila siku, si wale wa Jumamosi tu. Kwa hili la mgongo wataalamu nao wanakubali. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa Marekani kilitoa mwongozo kwamba maumivu ya kiuno ya muda mrefu yaanze kutibiwa kwa njia zisizo za dawa, zikiwemo mazoezi, yoga na kulegeza misuli. Kwa presha, wanasema inasaidia kuishusha kidogo. Nasisitiza, kidogo.

Na mikutano yetu ilibadilika. Mtu akitoka kwenye mkeka hana haraka ya kutukana. Mwenye shida ya marejesho anasema mapema, maana anajua hatutamrukia. Faini za matusi, mweka hazina ni shahidi, hazijaandikwa kwenye daftari muda mrefu.

Kosa langu

Sasa nafika kwenye jambo nililowaahidi. Nilimwomba ruhusa mwenyewe, naye akasema, "Seme, dada, iandikwe na kwenye kijitabu."

Mwaka 2021, katika mkutano, nilisimama nikiwa na furaha kwa sababu presha yangu ilikuwa imeshuka. Nikasema mbele ya watu wote, "Jamani, mkeka huu ndio dawa, vidonge ni vya nini tena?" Niliyasema kama mzaha, lakini ni mimi mwenyekiti niliyesema. Mwenzetu mmoja alikuwa akinywa vidonge vya presha kila siku. Alikuwa akijisikia vizuri, hana maumivu, na vidonge vinataka fedha. Alinisikia, akaviacha bila kumwambia mtu. Akaendelea na mkeka kwa bidii kuliko sisi sote. Baada ya miezi michache alipata kiharusi. Mkono wake wa kushoto mpaka leo haujarudi sawasawa.

Alipokuwa wodini nilikwenda kumwona, nikamwuliza kwa nini aliacha dawa. Akanitazama akasema, "Si ulisema wewe?" Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Nilitaka kuacha uenyekiti. Nilitaka pia mikeka ikunjwe, tusifanye tena. Yeye ndiye aliyekataa. Alisema kosa halikuwa la mkeka, lilikuwa la mdomo. Leo hii ndiye anayetuhesabia pumzi kila Jumamosi. Yule pale amekaa mstari wa mbele. Dada yangu, nilikuomba radhi hospitalini, nakuomba tena mbele ya kikundi na wageni wetu.

Ndugu zangu, presha haina maumivu. Ndiyo maana wanaiita muuaji wa kimya. Kujisikia vizuri si kupona, na mara nyingi unajisikia vizuri kwa sababu ya vidonge vyenyewe. Mkeka na kidonge vinakwenda pamoja. Ni daktari peke yake anayeweza kupunguza dawa, si mwenyekiti, si jirani, wala si moyo wako.

Masharti yetu na maombi

Baada ya hapo tuliandika masharti matatu kwenye katiba ya kikundi. La kwanza, tulinunua mashine ya kupimia presha kwa fedha za mfuko wa jamii, na kila mwezi kila mwanachama anapimwa na kuandikiwa kwenye daftari. La pili, mwenye dawa anaulizwa kama anazo, na akikosa fedha anakopeshwa kwenye mfuko wa jamii bila riba. La tatu, mtu yeyote anayeongoza mazoezi haruhusiwi kusema yanaponya ugonjwa.

Maombi yetu nayo ni machache. Mgeni Rasmi, tunafanyia mazoezi katika darasa la madrasa tuliloazimwa, na masika maji yanaingia. Tukipata mahali pa kudumu tutashukuru. Ndugu zetu wa zahanati, tunaomba mtukubalie muuguzi aje mara moja kila miezi mitatu akague daftari letu.

Na waume zetu, kwenu nina ombi lisilo na gharama. Mama akitandika mkeka chumbani, mpeni dakika 20. Asiitwe chai, asiulizwe soksi ziko wapi, mtoto akilia mchukueni. Mwanachama mmoja aliniambia kwamba katika ndoa ya miaka 26 hajawahi kukaa dakika 20 bila kuitwa. Tuliposikia hivyo hatukucheka, kila mmoja alikuwa akihesabu za kwake.

Miaka 10 tumejifunza kuweka shilingi kidogo kidogo sandukuni. Mwili tumekuwa tukiutoa tu bila kuuwekea kitu. Tunajaribu sasa kuuwekea dakika 20, na wale wawili walioondoka milango iko wazi, waje na imani yao ileile.

 Chakula kipo tayari, na pilau isije ikapoa kwa ajili ya maneno yangu.

Kina mama oyee!



Mwenyekiti wa Kikundi